Kaluki Aliyebaki na Kura Zetu Zote

Usiku ule tulikaa nje ya nyumba ya Kaluki tukingoja atuambie amemchagua nani. Tulikuwa mwethya mzima, kikundi chetu cha wanawake wa kulimiana mashamba kwa zamu, tumejifunika leso na magunia, majembe yamelala miguuni. Upande wa Kilungu umeme ulikuwa ukimulika bila sauti. Mvua ilikuwa njiani, na nyumba ya Kaluki ilikuwa imekaa ukingoni mwa korongo kama mtu anayengoja kusukumwa.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani tangu jua liliposhuka.

"Kaluki," Mbinya aliita, "wewe taja jina tu, twende tukalale."

"Na likiwa langu ulitaje kwa sauti," Mbula akasema kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kisha tukamsikia akikohoa, na wanawake wote wakainua vichwa. Siku zile hata kikohozi cha Kaluki kilikuwa kinajadiliwa.

Mbinya na Mbula walikuwa wakigombea usimamizi wa mwethya. Kaluki alikuwa mpiga kura. Sisemi mmoja wa wapiga kura. Katika mlima wetu wote hakukuwa na mwingine, na hakuna aliyetulazimisha. Tulijiwekea sheria hiyo wenyewe na tukaipigia makofi.

Nyumba yangu iko ng'ambo ya korongo, naiona nyumba ya Kaluki na mlango wake kwa upande. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi huangalia sana. Kwa hiyo habari zake nazijua tangu aliporudi.

Alizaliwa hapa hapa, mlimani juu ya Matiliku, binti ya Nzomo. Akaolewa mbali, Ikutha kule Kitui, kwa watu wa ng'ombe. Hakupata mtoto. Mumewe alipooa mwingine, shemeji zake wakaanza kumwambia kwamba kila kitu ndani ya nyumba ile ni cha ukoo wao: mafiga, vibuyu, hata chungu alichokifinyanga kwa mikono yake. Kitu kimoja tu hawakuweza kukidai. Kaluki alikuwa amesuka vyondo kwa miaka mingi na kumpelekea fundi mmoja wa kutoka pwani, jina lake Jabiri, na Jabiri akamtengenezea mlango wa mbao nzito, wenye bawaba za chuma na komeo la ndani. Ikutha nzima ilijua ule mlango ni wa nani. Siku aliyoamua kuondoka aliung'oa, akaufunga kamba za katani, akaubeba mgongoni kama mzigo wa kuni, akaiacha nyumba ya mumewe ikiwa wazi.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha juzi tu. Wanaume wetu walikuwa wakirudi na makoti ya jeshi. Kaluki alirudi na mlango.

Alivuka mto Athi maji yakiwa machache. Usiku, njiani, aliuegemeza kwenye mti akalala nyuma yake. Nilimwuliza kama hakuogopa fisi.

"Alikuja mmoja," akaniambia. "Akafika mpaka mlangoni, akasimama, akaenda zake. Alikuwa na adabu kuliko shemeji zangu."

Kaka yake, Muli, hakufurahi kumwona. Baada ya kunung'unika sana alimkatia kipande cha shamba chini kabisa, kando ya korongo, mahali ambapo mwenyewe alikuwa hafungi hata mbuzi. Wakati ule korongo lilikuwa mfereji mwembamba tu, mtoto angeliruka. Kaluki hakuanza na kuta. Alichimba mashimo, akasimamisha miimo, akauning'iniza mlango wake kwanza. Majuma mazima ulisimama pale peke yake, bila nyumba, na Kaluki alikuwa akipita katikati yake, hapiti kando. Kila akitoka aliufunga nyuma yake. Mzee Kiema, mkubwa wa ukoo, alipita siku moja akasimama mbele yake. Kulia kwake palikuwa wazi, kushoto kwake palikuwa wazi. Akapiga hodi.

"Karibu, mzee," Kaluki akasema, akamfungulia.

Baadaye kuta zikaja, na paa la nyasi. Watu wakazoea. Mwanamke aliyeachika, asiye na mtoto, mwenye nyumba ndogo na mlango mkubwa. Tulikuwa tunamkumbuka tukihitaji mtu wa kuchimba.

Maana miaka ile kazi ilikuwa ni kuchimba. Serikali ilitaka kila shamba liwe na matuta ya kuzuia udongo, na chifu alikuwa na askari wa kuhakikisha. Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa, kwa hiyo wanawake tukachukua majembe. Leo mwethya kwa huyu, kesho kwa yule, na msimamizi ndiye anasema kesho ni kwa nani. Mtu akisikia neno msimamizi anaweza kufikiri ni cheo kidogo. Lakini mvua yetu haina subira. Ukichimbiwa kabla ya mvua, unavuna. Ukichimbiwa baada yake, unachimbiwa jangwa.

Kaluki alichimba kwa kila mtu. Kwake zamu haikufika. Leo huyu ana mume mkali, kesho yule ana watoto wadogo, na Kaluki hana wa kumsemea, basi Kaluki angoje. Mwaka baada ya mwaka korongo lilikula ukingo, likausogelea mlango wake. Alichotaka ni mtaro mmoja tu wa kukinga maji juu ya nyumba yake, upitishe maji kando. Alikuwa amejaribu peke yake, lakini pale juu ni mawe, na mtaro wa mtu mmoja mvua huufukia kwa siku moja.

Msimamizi wetu wa zamani alihamia kwa mwanawe Mombasa mwaka huo ambao nchi nzima ilizungumza habari ya uchaguzi, mwaka wa hamsini na saba. Waafrika walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu, ila si wote. Mwalimu Mulei, anayefundisha shule ya kanisa na ambaye ndiye mwandishi wa mwethya, serikali ilimpa kura mbili peke yake, kwa ajili ya masomo na kazi. Sisi wengine hatukupewa hata moja. Mulei alikuwa akitembea taratibu tangu siku ile, kama mtu aliyebeba mayai.

Mbula akasema anataka usimamizi. Mbinya naye akasema anautaka. Na hapo Mwangangi akaingia.

Mwangangi si wa kwetu. Ni mtu wa Emali mwenye lori, na amemwoa dada yake Mbula. Alikuwa na shamba kubwa karibu na reli, na alitaka mwethya wetu ukamchimbie bwawa, bure, kwa jina la undugu. Kwa hiyo lori likapanda mlima na leso mpya na sukari, na kila mwanamke akapewa, na kila mmoja akaambiwa amkumbuke Mbula. Kaka zake Mbinya waliposikia, wakaja kutoka Kasikeu na fahali. Wakamchinja uwanjani kwa Mbinya, na kila mwanamke akala, na kila mmoja akaambiwa amkumbuke Mbinya.

Siku ya uchaguzi Mwalimu Mulei alituambia kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Sasa mtu mwenye leso ya Mbula mabegani na nyama ya Mbinya tumboni, asimame wapi? Nilimwona mke wa Muli amesimama nyuma ya Mbula. Mbinya akamtazama, basi, akamtazama tu, naye akatoka polepole kana kwamba ameona kuku wake, akaenda nyuma ya Mbinya. Mbula akakohoa, mke wa Muli akarudi. Wote tulikuwa hivyo. Mstari wa huyu ukanyooka kuelekea mstari wa yule, mkia wa mmoja ukashika mkia wa mwingine, mpaka tukawa duara. Mulei alizunguka akihesabu, akazunguka tena, akamhesabu mama yake mdogo, akamhesabu tena mama yake mdogo.

"Mwalimu," mama mdogo akamwambia, "kama na mimi nimepewa kura mbili ungeniambia mapema."

Aliyekuwa nje ya duara ni Kaluki peke yake. Alikuwa ameketi juu ya jiwe akinoa jembe. Hakuwa na leso mpya wala hakuwa ameitwa kwenye nyama. Mwangangi hakujua kama yupo, na kaka zake Mbinya walidhani ameshapewa na upande ule.

"Na wewe uko wapi, Kaluki?" Mulei akamwuliza.

"Niko hapa. Sijala kwa mtu."

Tuliona aibu sana siku hiyo. Mzee Kiema alisema mambo mazito juu ya matumbo yetu. Na Mwalimu Mulei akasema ugonjwa huu una dawa, nayo inaitwa katiba. Akaenda nyumbani akawasha taa, akaandika, na Jumapili baada ya ibada akatusomea.

Sheria ya kwanza ilisema kwamba mgombea wala watu wa upande wake wasimpe mpiga kura kitu chochote, kikubwa au kidogo, cha kuliwa, cha kuvaliwa au cha namna nyingine. Tukapiga makofi. Ya pili ilisema kwamba mtu asiyezaliwa katika ukoo huu asipige kura wala asitie mkono katika uchaguzi huu. Hapo tukapiga makofi zaidi, maana sote tulimwona Mwangangi na lori lake likirudi nyuma mpaka Emali. Ya tatu ilisema hakuna neno la katiba hii litakalobadilishwa mpaka wapiga kura wasimame mstari na kukubali. Tukapiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa tayari juu.

Ni Mbula aliyeharibu. Au alitengeneza, sijui. Siku tulipokutana kuchagua upya, Mbinya alimwambia mbele ya watu, "Shemeji yako leo hatumwoni. Nasikia ni mtu wa nje."

"Ni wa nje," Mbula akasema. "Na wewe ulizaliwa wapi, mama?"

"Mimi nimeolewa hapa miaka yote hii."

"Sikuuliza umeolewa wapi. Kaka zako walikuja na fahali kutoka Kasikeu, au alijileta?"

"Na wewe je? Si ulitoka Nzaui, na kikapu kimoja?"

"Nilitoka Nzaui. Sijakataa. Nasema tu sheria imesema kuzaliwa."

Tukaanza kutazamana. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake. Hilo hata mtoto analijua. Na mlima wetu wote ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeshika jembe pale alikuwa ameletwa kutoka kwingine. Mimi mwenyewe nimezaliwa Mbooni. Wasichana wetu wamezaliwa hapa lakini si wanachama, wako shule au wanachunga. Wanaume wamezaliwa hapa lakini si wanachama, wako Nairobi, wanasambaza mizigo ya Wahindi kwa baiskeli. Mulei aliisoma sheria ya pili kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akaisoma tena: kugombea haikukataza, kupiga kura ilikataza. Akatoa kalamu, kisha akakumbuka sheria ya tatu, akairudisha.

"Mwalimu, si ufute tu," nikamwambia.

"Mama Syombua, siwezi. Katiba inabadilishwa na wapiga kura."

"Na wapiga kura ni nani?"

Hapo ndipo sote tulipogeuka kulitazama jiwe. Kaluki alikuwa ameacha kunoa.

"Mimi nilizaliwa pale kwa Muli," akasema. "Kitovu changu kiko nyuma ya zizi."

Mulei akamwomba asimame ili akubali kuibadilisha sheria. Kaluki akasimama. Mulei akamtazama, akasema samahani, mtu mmoja si mstari. Kwa kuchagua anaweza, kwa sababu mgombea atakuwa mbele na yeye nyuma, huo ni mstari. Lakini kwa kubadilisha sheria hakuna wa kusimama mbele.

"Asimame nyuma yako wewe," Mbinya akasema.

"Mimi sigombei."

"Kwa hiyo kura zetu zote anazo huyu?" mke wa Muli akauliza. Huyu ni wifi yake, na kwa miaka mingi hakuwahi kumwita kwa jina.

"Hata mimi serikali ilinipa mbili," Mulei akasema kinyonge. "Kura zinaweza kukaa kwa mtu."

Kaluki akaja mbele. Akawauliza wagombea wote wawili, "Atakayeshinda ataanza kuchimba kwa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mvua ilikuwa karibu. Mbinya akafungua mdomo, na Mbula akafungua wake, na Mulei akainua mkono.

"Hapana. Mkimwambia mtaanza kwake, hiyo ni ahadi, na ahadi kwa mpiga kura ni kupewa kitu. Kitu cha namna nyingine. Imeandikwa."

"Na wakisema hawataanza kwangu?"

"Hapo wanakutisha. Hiyo sikuiandika, lakini ni mbaya pia."

"Sasa nitachagua kwa kutazama pua?" Kaluki akasema.

Akaomba apewe muda. Ungefikiri sasa maisha yake yangekuwa mazuri. Mbona yalizidi kuwa magumu. Tulikuwa tumeapa kutompa mpiga kura kitu, na sote tulikuwa wa upande mmoja au mwingine. Asubuhi alikuja kwangu kuomba kaa la moto kama siku zote. Nikamwambia subiri, nikatoka nje nikatazama kama kuna mtu, na kweli mke wa Muli alikuwa amesimama juu akiniangalia. Kaluki akarudi mikono mitupu. Mtu akimwona amebeba kuni alikuwa anageuza njia asije akamtua mzigo. Kisimani hakuna aliyemwinulia mtungi. Hata salamu zilifupishwa. Mtu anauliza umeamkaje, hangoji jibu.

Alishuka Matiliku kununua chumvi kwa Mishi, mke wa Abdulatif mwenye duka. Mishi ana tabia nzuri: akishapima, huongeza kidogo juu ya kipimo. Siku hiyo alipima, akasawazisha kwa kidole, akaishia hapo.

"Dada Kaluki, uniwie radhi. Chumvi hiyo. Nyongeza siwezi."

"Kwani na wewe unagombea, Mishi?"

"Sigombei, lakini Mbula ni mteja wangu na Mbinya ni mteja wangu. Leo nikikuongezea, kesho nitaambiwa duka la Abdulatif lina upande. Ngoja uchaguzi upite, nitakupa na zile za nyuma."

Mwangangi naye hakukaa kimya. Alfajiri moja gunia la sukari lilipatikana limeanguka kwenye njia ya Kaluki, ingawa lori halikuwahi kupita njia ile. Si zawadi; limeanguka. Kaluki akalizunguka, akaenda zake. Lakini watu wa Mbinya waliogopa asije akaligusa, wakaweka mwanamke wa kulinda. Watu wa Mbula wakaogopa huyo mlinzi asije akaonja, wakaweka wao wa kumlinda mlinzi. Wakakaa pale mchana kutwa wakitazama sisimizi wakibeba sukari, na siku hizo hizo mashamba yao yalikuwa hayajachimbwa. Sisemi juu yangu. Mimi niliwapelekea maji.

Kisha yakanyesha manyunyu ya kwanza, mvua ya kuonja tu. Ukingo wa korongo ukakatika na ghala la Kaluki la mbaazi likaenda nalo. Nililiona kwa macho yangu kutoka mlangoni kwangu. Halikupiga kelele, liliinama tu, likashuka. Kutoka pale lilipokuwa hadi ukuta wa nyumba pakabaki nafasi ya mtu kupita akiwa amejibana.

Nilikimbia mpaka kwa Mulei. Nikamwambia mwethya uende leo, sasa hivi, kumchimbia Kaluki mtaro. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Uso wake ulikuwa na huruma, kusema kweli, na macho yake hayakulala vizuri siku hizo.

"Mama Syombua, leso ni kitu kidogo. Sukari ni kitu kidogo. Mtaro ni siku nzima ya wanawake wote. Hiyo ni hongo kubwa kuliko ya Mwangangi."

"Nyumba itaanguka."

"Achague. Akishachagua si mpiga kura tena, mtamchimbia hata visima."

Nikaenda kumwambia Kaluki. Alikuwa anaokota mbaazi ukingoni, moja moja, akiziweka kwenye leso. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nikimchagua Mbinya," akasema, "Mbula na wenzake hawatakuja kunichimbia, kwa hasira. Nikimchagua Mbula, tutapelekwa Emali kuchimba bwawa. Zamani nilikuwa nangoja zamu kwa sababu sina mtu. Sasa nangoja kwa sababu nina kura." Akafunga leso yake fundo. "Waambie nipo ndani. Nitafungua nikijua."

Akaingia, na komeo likalia. Habari ikapanda mlima mzima kabla ya chakula cha jioni, na hivyo ndivyo tulivyokuja kukaa nje ya mlango ule, mwethya mzima, na Mwalimu Mulei na taa yake, na katiba ndani ya koti isilowe.

Tulikaa. Ndani kulikuwa na mwanga mdogo wa koroboi uliopenya chini ya mlango. Upepo ukazima taa ya Mulei, naye hakuwa na kiberiti. Tulichobaki nacho kikawa ule mwanga. Umeme ulimulika tena, sasa na sauti, na nikasikia udongo ukianguka korongoni. Punje chache tu, kama mtu anapepeta. Lakini mimi hiyo sauti naijua, ninalala nayo.

"Mwalimu," nikasema, "huyu akienda na nyumba, kura inakwenda kwa nani?"

Nikamsikia Mulei akipapasa karatasi ndani ya koti.

"Nauliza tu. Umeandika akifa inakuwaje?"

"Sikuandika."

"Basi nani atachagua?"

"Hakuna."

"Na nani atabadilisha sheria?"

Giza lilikuwa nene, lakini nilijua amesimama kwa sababu sauti yake ilitoka juu. "Hakuna," akasema. "Itabaki hivyo hivyo. Milele. Mwethya hautakuwa na msimamizi mpaka..." Nafikiri alikuwa anawaona wajukuu wetu wameketi mahali pale pale.

Mbula akasema, "Kwa hiyo huyu akianguka, na sisi tumeanguka."

"Katiba imeanguka," Mulei akasema.

"Basi tuichimbie katiba," Mbinya akasema. "Kaluki hatumpi kitu. Tunailinda katiba, yeye yupo karibu nayo tu."

Tulingoja. Tulimsikia Mulei akipumua, akitafuta sheria moja, akitafuta ya pili.

"Huo ni ulinzi," akasema mwishowe. "Sikuukataza."

Hakumaliza, wanawake walikuwa wameshika majembe. Sijawahi kuona mwethya ukiinuka hivyo. Hata wale waliokuwa wanalinda sukari walikuja. Lakini mwethya bila msimamizi ni mikono tu. Mbinya alianzia juu, kwenye ua wa Muli, na watu wake nyuma yake. Mbula, kwa kuwa Mbinya ameanzia juu, akaanzia upande wa njia, na wake nyuma yake. Hakuna aliyekubali kumwuliza mwenzake maji yapitie wapi. Ilikuwa giza tupu, na mtu akichimba gizani hufuata anachokiona, na kilichoonekana mlimani kote ni ule mstari wa mwanga chini ya mlango wa Kaluki. Tukaufuata. Tukachimba kwa nguvu, tukapokezana mawe, tukashindana, mimi nikiwa katikati sijui niko upande gani, mpaka mashariki ikaanza kupauka na matone makubwa yakaanza kuanguka moja huku, jingine kule.

Hapo tukaona. Mitaro yote miwili ilikuwa mizuri, mirefu, ya kina. Mmoja ulishuka kutoka kwa Muli na mwingine ukaja kutoka njiani, na yote miwili ilikutana mbele ya mlango wa Kaluki, hatua chache kutoka kizingiti, ikielekea ndani.

Jembe la Mbinya lilibaki hewani. Mbula akashusha lake. Kila mmoja akamtazama mwenzake aseme jambo. Matone yakaongezeka.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka taratibu, bawaba za Jabiri zikilalamika, na Kaluki akasimama hapo amejifunga kiunoni, jembe begani. Akatazama mtaro wa kwanza mpaka juu ulikotokea. Akatazama wa pili. Akatutazama sisi, tumejaa matope mpaka kwenye nyusi, na Mulei nyuma yetu ameshika koti lake kifuani.

"Nani aliwaambia muanzie hapo?" akauliza.

Akauruka mtaro, akapanda kuelekea kwenye mawe juu ya nyumba, pale alipotaka mtaro wake, na sisi tukaanza kumfuata, mmoja nyuma ya mwingine, mstari mmoja. Niligeuka mara moja kutazama nyuma. Kwa miaka yote niliyokaa ng'ambo yake, hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipomwona Kaluki akitoka na kuuacha mlango wake wazi.